Taka za Mradi Haziguswi

Naipenda Serikali yetu. Nalisema hili mapema, kabla ya jambo lingine lolote, ili mtu asije akadai baadaye kwamba nilikuwa na nia mbaya. Mimi ni Afisa Habari wa Kata ya Mteremko, katika Jamhuri ya Nadhifia. Kazi yangu ni kutunza kipaza sauti na kuhakikisha kwamba wakubwa wanaposema wanasikika, na wananchi wanaposema mitambo inapata hitilafu. Ni kazi ya heshima. Haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipokuwa nimefumba macho kwa ajili ya sala ya ufunguzi, niliyasikia.

Watu wa nje husema Nadhifia ina tatizo la taka. Huo ni uchochezi. Nadhifia ina mafanikio ya taka. Tuna Wizara ya Unadhifu, Mazingira na Mambo Yanayoambatana na Hayo, yenye Waziri, Naibu Waziri, na Naibu wa Naibu anayeshughulikia mifuko ya plastiki peke yake. Tuna Wiki ya Unadhifu na tuna wimbo wa unadhifu wenye beti ndefu sana. Taka zenyewe hazijaondoka, na hilo ni jambo la busara, maana wizara ikikosa kazi huvunjwa, na hao manaibu wote wangekwenda wapi?

Basi mwaka ule Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Baltazari Ngulumbi, alisafiri kwenda kwenye kongamano nchi za mbali, akarudi na mabegi mengi na msemo mpya: kujengewa uwezo. Pale pale uwanja wa ndege, kabla hata hajamsalimia mkewe, aliwaita waandishi.

"Ndugu zangu," alisema, "tatizo la nchi hii si taka. Tatizo ni kwamba taka zetu zinashikwa na watu ambao hawajajengewa uwezo! Mtu anaamka tu asubuhi, hana cheti, hana mwongozo, anachukua ufagio, anafagia! Huko ni kufagia kwa mazoea. Na mazoea, ndugu zangu, ndiyo adui mkubwa wa maendeleo endelevu!"

Likatoka agizo. Ilipigwa marufuku kwa mtu yeyote kugusa, kuokota, kuzoa, kutenganisha au kuhamisha taka ndani ya mipaka ya Jamhuri bila cheti cha mafunzo. Mafunzo yenyewe yalikuwa bado hayajaanza. Wananchi waliombwa wawe na subira, na wakati wakisubiri waliombwa wawe wasafi.

*

Kata yetu imejengwa kwenye ubavu wa kilima. Katikati ya nyumba unapita mtaro mmoja, unaotoka juu kileleni na kushuka mpaka mtoni. Nyumba ya mwisho kabisa kule chini, ile ambayo ukuta wake umeegemea mtaro, ni ya Bi. Sikudhani Mahimbo, mama wa makamo anayeuza vitumbua. Anaishi na mama yake mzazi, Bibi Mwahija, ambaye miguu yake iliacha kazi zamani na hashuki kitandani. Bibi alichagua mwenyewe chumba cha upande wa mtaro kwa sababu dirisha lake linatazama njia, naye hawezi kuimaliza siku bila kumtania mpita njia.

Sina budi kueleza kwamba watu wa Mteremko walikuwa na mtindo wao wa kizamani kuhusu taka. Mpangaji mpya akihamia, haelekezwi na mwenye nyumba wala na ofisi ya kata. Anafundishwa na jirani aliye chini yake, yule ambaye uchafu wa mgeni ukishuka na maji utaishia mlangoni kwake. Jirani huyo huja na ndoo mkononi, huingia mpaka jikoni, na akikaribishwa kiti hakai. Humfuatilia mgeni siku baada ya siku mpaka ajue kwamba maganda ni ya shimo la mbolea, chupa na makopo ni ya gunia la mnunuzi, majivu ni ya chooni, na kile kipande cha mtaro kilicho mbele ya ukuta wake atakisafisha yeye na si mtu mwingine. Siku jirani wa chini akikubali kukaa na kunywa chai, ndipo mgeni anajua kwamba amefaulu. Hakuna mgeni rasmi, hakuna picha ya pamoja, wala fulana.

Bi. Sikudhani, kwa kuwa alikuwa chini ya watu wote, alikuwa na haki ya kumgombeza kila mtu, na aliitumia. Matokeo yake mtaro ulikuwa mweupe na maji yalipita. Kwa ufupi, kata nzima ilikuwa safi kwa njia isiyo rasmi.

*

Mteremko iliteuliwa kuwa kata ya mfano ya mradi wa mafunzo baada ya utafiti wa kina uliobaini kwamba lami inafika na kuna hoteli nzuri karibu. Mratibu wa Mradi, Bwana Gaudensi Mpangala, kijana wa suti aliyezungumza taratibu kama anayesoma tangazo la msiba, alikuja kukagua taka kabla ya uzinduzi. Tulizunguka naye kata nzima. Alichungulia nyuma ya nyumba, akachungulia mtaroni, akainua mfuniko wa ndoo ya mtu. Jasho likaanza kumtoka. Mwishowe tukafika kwa Bi. Sikudhani, aliyekuwa anakaanga vitumbua.

"Mama, taka ziko wapi?" akauliza Mratibu.

"Zipi, mwanangu?"

"Taka za hapa. Za kata."

"Za jana zimeshakwenda shimoni. Za leo bado tunazila."

"Mama, usilete mzaha kwenye mradi wa kitaifa. Taarifa ya hali halisi imeshaandikwa na imeshasomwa. Inasema kata hii imezama kwenye uchafu. Wafadhili wameisoma, wamelia!"

"Wabembelezeni wanyamaze," alisema Bi. Sikudhani, akageuza kitumbua.

Hali ilikuwa mbaya. Kata ya mfano isiyo na taka ingenyang'anywa mradi, nao ungepelekwa kwa wachafu, watu wasiostahili. Lakini Nadhifia ina viongozi wenye maono. Siku chache baadaye malori yalipanda kilima chetu yakiwa yamejaa taka halisi kutoka soko kuu la mji mkuu: chupa, matairi, magodoro yaliyooza, nazi mbovu, na vitu vingine ambavyo adabu inanizuia kuvitaja. Yote yakamwagwa mtaroni, toka juu mpaka chini, kwa kuwa mpiga picha wa Wizara alisema hapo ndipo yangeonekana vizuri zaidi. Mzigo mkubwa kuliko yote uliishia kwenye ukuta wa chumba cha Bibi Mwahija. Kukawekwa na kibao: MALI YA MRADI. USIGUSE.

Bi. Sikudhani alipanda kilima mpaka ofisini kwetu, unga bado mikononi.

"Mwanangu," alimwambia Mratibu, "sigombani na mradi wako. Nakuomba kitu kimoja tu. Toa hizo taka ukutani kwangu kabla mvua haijaanza. Maji yakikosa mtaro yatapita ndani, na ndani yupo mtu asiyeweza kusimama."

Mratibu alitabasamu kwa upole wa kitaalamu. "Mama, mvua haimo kwenye mpangokazi wa robo hii."

"Na mawingu haya umeyaona?"

"Mawingu yatajadiliwa kwenye kikao cha wadau."

*

Uzinduzi ulifana. Mheshimiwa Waziri alichelewa kidogo tu, jua lilikuwa bado halijazama. Alivaa buti mpya na glavu nyeupe. Akaandaliwa chupa moja iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa, ikalazwa juu ya taka nyingine, naye akainama akaiokota huku kamera zikilia. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akavua glavu, akatazama huku na huku, akazitupa mtaroni.

"Leo," alinguruma, na mimi nikaongeza sauti, "Mteremko imezaliwa upya! Hatutaki tena mwananchi anayezoa taka bila kujua falsafa ya taka! Tunataka mwananchi shirikishi, jumuishi na fungamanishi!"

Mafunzo yakaanza ukumbini. Mkufunzi alitoka chuo kikuu na hakuwahi kuonekana karibu na mtaro, kwa sababu za kiafya. Siku ya kwanza tulijifunza dhana ya taka. Siku ya pili tulijadili kama kitu kinakuwa taka kinapotupwa au mtu anapofikiria kukitupa, na makundi yaligawanyika vibaya sana. Kila mshiriki alipewa maji ya chupa, chakula cha boksi, fulana iliyofungwa kwenye plastiki na bango la kubandika ukutani. Jioni vyote hivyo vilikwenda mtaroni, kwani hakuna aliyekuwa na cheti cha kuvitenganisha. Hivyo kila siku ya mafunzo ilizalisha taka za kufundishia siku inayofuata. Ule uendelevu tunaousikia kwenye hotuba ndio huu.

Bi. Sikudhani aliketi mbele kila siku, akisikiliza kwa makini yaliyosemwa ndani na upepo uliovuma nje. Siku moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, vitendo ni lini?"

"Swali zuri sana. Vitendo vipo awamu ya tatu."

"Na sasa tuko ya ngapi?"

"Tuko kwenye utangulizi wa awamu ya kwanza."

"Mvua ikija kabla ya hapo?"

"Liandike swali lako, mama. Litajibiwa kwenye mrejesho."

Alasiri ile ile aliacha vitumbua vyake, akachukua mti mrefu na ndoo, akashuka mtaroni kuusafisha ule upande wa ukuta wake. Mlinzi wa taka alikuwa Chegere, mgambo, kijana wa Mteremko aliyepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake.

"Shangazi, toka humo," alisema Chegere kwa sauti ya chini. "Nitapoteza kazi mimi."

"Na mimi nimpoteze mama?"

Chegere aliinamisha kichwa. Kisha akapuliza filimbi, tena bila nguvu. Mratibu akaja mbio na kueleza sheria vizuri kabisa: mwenye kugusa mali ya mradi anafutwa mafunzo, na aliyefutwa mafunzo hatapata cheti, na asiye na cheti hataruhusiwa kugusa taka maisha yake yote. Bi. Sikudhani aliweka mti chini. Niliuona uso wake na ukanichoma moyo. Nilijisikia vibaya sana. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni Afisa Habari, nikajisikia vizuri tena.

Majirani walitaka kumhamisha Bibi Mwahija kwa muda, lakini bibi akakataa katakata.

"Nimeihama nyumba ya mume kwa sababu ya mume," alisema akiwa dirishani, pua ameiziba kwa ncha ya kanga. "Siwezi kuihama ya mwanangu kwa sababu ya chupa za watu."

*

Mvua ilikuja mchana, katikati ya mada iitwayo Ushiriki wa Jamii Katika Kukinga Majanga. Ilianza na kishindo juu ya mabati hata Mkufunzi akawa anaonekana midomo tu. Bi. Sikudhani alisimama. Mkufunzi akamwonyesha kwa mkono akae, mada haijaisha. Tayari alikuwa mlangoni, na ukumbi mzima ukamfuata.

Maji yalikuwa yameshuka kutoka juu yakitafuta njia yao ya siku zote. Yalipokutana na matairi na magodoro ya mradi yakageuka, yakaingia kwa watu. Kule chini yalikuwa yamefika magotini na yanapanda. Tuliingia chumbani tukamkuta Bibi Mwahija ameketi kitandani, godoro limelowa, mikono yake imeshika nondo za dirisha.

"Mtaro umekuja kunisalimia," alisema. Alijaribu kucheka, ikashindikana, akaanza kulia kama mtoto, na Bi. Sikudhani naye akalia huku anamfunga kanga kifuani.

Wanawake walikiinua kitanda chote na bibi akiwa juu yake. Mimi nilishika mguu mmoja wa kitanda, jambo ambalo halimo katika majukumu yangu. Tulikuwa tumefika kwa jirani wa juu tuliposikia mshindo nyuma yetu. Ukuta wa chumba ulikuwa umelala chini, na kitu kirefu cha matope, chupa na maboksi ya chakula kilikuwa kinatiririka mahali pale ambapo muda mfupi uliopita bibi alikuwa ameketi. Chegere alikaa chini kwenye mvua na kushika kichwa.

Taarifa ya Mratibu ya siku hiyo ilisema mahudhurio yalishuka ghafla kutokana na sababu za kijamii. Matofali ya ukuta yalitambuliwa kuwa taka, yakaingizwa kwenye mali ya mradi, na Bi. Sikudhani akaombwa asiyaguse.

*

Baada ya hapo watu walianza kunong'ona, na serikali sikivu husikia minong'ono. Ikaamuliwa awamu zote zihesabiwe kuwa zimekamilika na vyeti vitolewe haraka. Mheshimiwa Waziri akaja kufunga mafunzo. Hema lilipigwa juu kileleni, ambako matope hayafiki.

"Wapo wanaobeza!" alisema Mheshimiwa. "Wanasema mafunzo yameendeshwa na bado kata ikafurika. Nawauliza: mafuriko haya si ushahidi kwamba mafunzo yalihitajika? Bila mafunzo, wananchi hawa wangefurika bila uelewa! Leo wamefurika wakiwa wamejengewa uwezo!"

Meza kuu ilipiga makofi. Vyeti vikagawiwa, kila mhitimu akaitwa jina, na Chegere naye akapata chake. Kisha meza kuu ikaletewa pilau na kuku kwenye maboksi, wakawa wanakula huku ratiba ikiendelea. Kilichofuata kilikuwa neno la shukrani kutoka kwa mwananchi. Mratibu alimchagua Bi. Sikudhani, kwani mtu aliyebomokewa akishukuru hupendeza zaidi kwenye picha. Mimi nilielekezwa kwamba akianza kulalamika, mitambo ipate hitilafu.

Alipokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo."

"Marahaba, mama, marahaba!"

"Nashukuru mama yangu yu hai. Hilo nawashukuru majirani." Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Sijui kilipatwa na nini siku ile, kikakataa kubonyeza. "Kwenu ninyi nina swali moja dogo. Hiki cheti mlichonipa kinafanya kazi kuanzia lini?"

"Kuanzia dakika hii, mama!" alijibu Mheshimiwa, mdomo umejaa. "Sasa wewe ni mtaalamu kamili!"

"Nami nikishika taka, hakuna wa kunizuia?"

"Akuzuie nani? Una baraka zangu!"

"Basi kuleni vizuri."

Alinirudishia kipaza sauti, akakunja cheti, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kushuka kilima. Wanawake wote wakainuka. Wanaume nao wakainuka. Mratibu akapiga kelele kwamba bado kuna picha ya pamoja, lakini viti vilikuwa vinabaki vitupu safu baada ya safu. Chini kule tuliwaona wakiingia mtaroni. Chegere aling'oa kile kibao cha MALI YA MRADI, akakigeuza, akaanza kukichotea matope.

Meza kuu ilimaliza kula. Kisha Mheshimiwa akasimama na boksi lake lenye mifupa, akalinyoosha pembeni kama alivyozoea, bila kutazama. Boksi likabaki hewani. Akageuka kwa Naibu.

"Chukua hii."

"Mheshimiwa, mimi sina cheti," alisema Naibu akirudi nyuma. "Agizo lako liko wazi."

Mratibu hakuwa nacho, yeye alikuwa mwandaaji. Mkufunzi akasema yeye ni wa nadharia. Wote wakanitazama, nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba nilikuwa upande wa mitambo. Chini ya hema lile lote, lenye wasomi na walinzi na waandishi, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeruhusiwa na sheria kupokea mifupa ya kuku. Kuitupa hawakuweza pia, kwa sababu kamera za Wizara zilikuwa bado zinawaka.

"Akina mama!" Mratibu aliita kwa kipaza sauti changu. "Njooni mtusaidie huku mezani!"

Bi. Sikudhani, aliyekuwa amezama kwenye matope mpaka kiunoni, hakuinua hata uso. "Za kwenu ondokeni nazo!" alijibu, akaendelea kuvuta tairi.

Wakaondoka nazo. Msafara ulishuka kilima taratibu kwa sababu ya matope, vioo vimefunguliwa ili harufu itoke, na ndani ya kila gari mkubwa mmoja ameketi wima, boksi lake mapajani. Nilikuwa nimeshuka mpaka kwa jirani alikolazwa Bibi Mwahija, nimuulize anaendeleaje. Alikuwa amesogezewa kitanda dirishani. Aliyatazama magari yakipita, moja baada ya jingine, akakunja uso.

"Hao wamepakata nini?" aliniuliza.

"Taka zao, bibi."

Aliutazama msafara mpaka gari la mwisho likapotea kwenye kona.

"Kumbe wanaweza," akasema.